Maji Niliyoyameza

Kadzo mwanangu,

Sikuulizi u hali gani, maana nimekuona kwa macho yangu sasa hivi ukitoka na rafiki yako Nyevu kwenda Malindi, mkatafute koti la baridi kwenye mitumba. Umeniaga huku unatazama viatu vyako. "Mama, twaenda." Nami nikasema, "Haya." Ndiyo maneno yetu tangu ile simu. Mtu akitusikia atadhani ni mwenye nyumba na mpangaji aliyemchoka.

Kwa hiyo nimezima jiko mapema. Waliokuja kutaka viazi karai nimewaambia leo hakuna, na Mama Riziki, mteja wetu wa kila siku, amesimama pale penye benchi akaniuliza, "Hakuna kwa sababu mtoto asafiri, au hakuna kwa sababu umenuna?" Nikamwambia vyote viwili. Akaenda zake anacheka. Nimekaa ndani ya kibanda, pazia nimelishusha, mikono bado ina mafuta, utanisamehe ukiona karatasi ina madoa.

Nina hasira, Kadzo. Naisema mwanzo ili usisome huku unaitafuta. Na si hasira ya mama kuachwa na mtoto. Hiyo ni ya kawaida, nitailia ndege ikishaondoka, kama wenzangu wanavyolia, halafu nitaosha uso nirudi kukaanga. Hii ni nyingine. Sitakuandikia ujifunike vizuri, ule, usali, uangalie pasipoti. Hayo utaambiwa na kila atakayekushika mkono kesho, na wengine wameshakwambia hadi umeanza kuitikia kabla hawajamaliza.

Nataka kusema juu ya maji ya leo asubuhi.

Unajua mwenyewe kwetu mtu hasafiri na kinyongo cha mtu wa nyumbani mgongoni. Mama yangu, hawe wako, hakutoka Marafa na jua lile kwa ajili ya viazi vyangu. Alikuja na kifuu chake. Kila aliye na neno juu ya msafiri apige funda la maji, alishike kinywani, aliseme moyoni lile linalomuuma, kisha alipulize nje liende zake. Mama yako mdogo alipuliza. Hawe mwenyewe akapuliza, sijui alikuwa na neno gani na wewe, labda zile nywele ulizokata. Ikafika zamu yangu. Nikapiga funda. Wewe umesimama mbele yangu, mikono imening'inia, vile ulivyokuwa ukisimama zamani ukingoja nikufunge vifungo vya sare. Nikalishika lile funda mpaka mashavu yakauma.

Halafu nikalimeza.

Sikukusudia. Koo lilivuta lenyewe.

Hawe akanitazama. "Umeyameza."

"Yamepita tu, mama."

"Hayapiti tu. Haya si maji ya kiu." Akakigeuza kifuu, akamwaga yaliyobaki pale penye mpapai. "Una mpaka kesho asubuhi. Ndege haimngoji mtu aliyevimba mashavu."

Mama yako mdogo akaficha cheko ndani ya leso. Na wewe, Kadzo, hukusema lolote. Ulichukua kifuu, ukakiosha, ukakirudisha jikoni, ukakifuta na tako lake. Hapo ndipo nilipotaka kukupiga, nikwambie kweli. Kwa sababu umenyamaza tena.

Nirudi nyuma kidogo, maana najua unavyoikumbuka wewe habari hii na ninavyoikumbuka mimi si namna moja.

Uliporudi kutoka Nairobi, umemaliza masomo yako ya digrii ya pili ya sayansi na umepata nafasi ya kuendelea kusoma Italia, nilikupokea steji nikakukumbatia, nikasikia kitunguu saumu. Mimi na saumu ni mtu na ndugu yake. Naijua mbichi, naijua iliyoungua, naijua iliyolala kwenye vidole. Nikasema moyoni, mtoto amekula njiani. Kesho yake, bado. Ulipiga mswaki, ulitafuna karafuu, bado. Ulioga, ukatoka na leso yako, harufu inatoka kwenye ngozi. Na chakula changu ulikuwa hukili, ulikichezea tu kwa kijiko. Nikaanza kuwaza.

Halafu simu zako. Unakwenda kusimama nyuma ya choo, ambako mtandao unashika, unaongea Kitaliano. Kile Kitaliano chetu cha Malindi ambacho kila mtoto hukiokota kwa watalii, lakini wewe ulikuwa umekiongezea maneno mengine, marefu, na unacheka kwa sauti ya chini. Ukimaliza unasema ciao, unarudi umetabasamu, ukiniona unaliondoa tabasamu.

Niambie, mama gani wa huku kwetu atasikia hivyo awaze habari ya sayansi? Tumewaona, Kadzo. Tumewaona wasichana wa rika langu wakichukuliwa na wazee wa Kitaliano wenye umri wa babu zao, wakiwekwa kwenye nyumba zenye bwawa la kuogelea, na baadaye tukawaona wakitolewa humo na sanduku moja. Mimi mwenyewe sikuguswa na Mtaliano, niliguswa na mhudumu wa hoteli, mtoto wa papa hapa, aliyehamia Mtwapa kabla tumbo halijaonekana. Sare ya darasa la nane niliiacha kwenye kamba, ikakauka, ikavaliwa na mwingine. Tangu hapo nimekuwa na akili moja tu ya kumlinda mtoto wa kike, na akili hiyo ni kushuku.

Mama Riziki ndiye aliyetia moto. Ulipita ukamwamkia, "Shikamoo Mama Riziki," akaitika marahaba vizuri kabisa. Ulipokwisha kupita akasema, "Mama Kadzo, mwanao anukia jiko la Mtaliano. Wale hawali kitu bila saumu, nadhani hata chai watia."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, na huo ulikuwa ubaya wa kwanza. Wa pili ni kwamba nilikuita. Mbele ya wateja, mwiko mkononi, nikakwambia, "Nitajie jina la huyo mzee."

"Mzee gani, mama?"

"Huyo unayelala kwake mpaka ngozi imeshika mapishi yake. Huyo anayekupeleka Italia."

Ulicheka. Ulidhani ni mzaha wetu wa kibandani. Kisha ukauona uso wangu, na wako ukafungika kama duka saa ya swala. Ukaingia ndani. Na mteja mmoja akasema taratibu, "Mama, niongezee pilipili," kana kwamba hakikutokea kitu.

Sikukuomba radhi siku ile wala iliyofuata. Nakuomba sasa, kwa maandishi, ubaki nayo. Nilikuvunjia heshima mbele za watu kwa jambo usilolifanya. Nilichukua maisha yangu nikayafanya kipimo cha kukupimia, na kipimo chenyewe ni kifupi, hakifiki ulikofika.

Lakini hapo ni aibu yangu, si hasira. Hasira ilikuja jioni yake, ulipokaa kitandani na kunieleza.

Ulisema si saumu. Ni kitu kinaitwa teluri, kinang'aa kama bati jipya. Mnakisaga pamoja na chuma na vingine, mnavifungia ndani ya mrija wa kioo kigumu, mnautia kwenye tanuri mpaka viyeyuke, mnavipoza polepole hadi viwe fuwele, kama chumvi inavyojijenga bwawani. Ukasema mtu akivuta unga wa teluri, hata mdogo, mwili huutoa kwa pumzi na kwa jasho, una harufu ya saumu, na harufu hiyo inaweza kukaa miezi. Ukasema mrija mmoja ulipasuka ndani ya tanuri.

Nikakuuliza, moshi ulikwenda wapi? Ukasema feni ya kuvuta moshi ilikuwa imekufa tangu zamani.

Nikakuuliza nani alisafisha. Ukakunja ncha ya shuka. Nikauliza tena.

"Mimi, mama. Nilijifunga leso puani."

Leso, Kadzo. Ile niliyokupa mimi ulipokwenda chuo.

Nikauliza mbona hukuwaambia wakubwa. Ukasema mwalimu anayekusimamia alikwambia ukiripoti maabara itafungwa, ikifungwa hutapata vipimo vyako, na bila vipimo hakuna Italia. Ulilisema hilo kama mtu anayeeleza kwamba jana kulinyesha. Na yule uliyekuwa ukimchekea nyuma ya choo ni mwanamke, profesa atakayekupokea kule, alikuwa akikufundisha majina ya vyombo. Huyo ndiye mzee wangu wa Kitaliano.

Nikwambie nilichowaza wakati ule? Nilitamani angekuwa mzee kweli. Mzee ningemfuata. Ningesimama getini kwake nikapaza sauti mpaka majirani watoke na miswaki mdomoni. Unga usioonekana ningeufuata wapi?

Daktari wa Malindi alikupima, akasema ini zima, figo zima, mwili utajisafisha wenyewe, na harufu itaisha. Nilimshukuru Mungu pale pale kwenye benchi la hospitali. Lakini shukrani haikuiua hasira. Zimekaa pamoja tu, kama wake wenza.

Sasa nikueleze inatoka wapi, maana wewe wadhani inatoka kwenye ujinga.

Unakumbuka nilipokuwa nikifanya kazi kwenye chumvi, yale mabwawa meupe. Ulipenda kuja ukitoka shule. Unachuchumaa ukingoni na sare yako, unatazama chumvi inavyojijenga juu ya maji, vijumba vidogo vya pembe nne. Siku moja ukaniuliza kwa nini bwawa lililotulia linatoa chumvi ya mawe makubwa, na lile linalopigwa na upepo linatoa ya unga. Nilikwambia usinisumbue, nenda kivulini. Miaka ikapita, ukaniambia swali lile ndilo lililokupeleka kwenye matanuri. Kitu kikipozwa bila haraka, ukasema, kila chembe hupata wakati wa kutafuta mahali pake.

Wewe uliona chumvi. Miguu yangu hukuiona, kwa kuwa niliificha. Tulifanya kazi ile bila buti. Maji yale makali yakiingia kwenye kijeraha hayatoki, yanakula, yanachimba. Jioni nilipaka mafuta ya nazi, nikafunga vitambaa, nikavaa soksi juu, nikakwambia nasikia baridi. Baridi, huku kwetu. Nawe ukaamini, ulikuwa mtoto, ukaniletea shuka.

Msimamizi alikuwa akisema, "Anayetaka buti akanunue. Asiyetaka kazi, njia ile pale." Tulikuwa wanawake wengi. Hakuna aliyemjibu. Si kwamba hatukujua. Kila mmoja aliujua mguu wake. Tulingojana. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme kwanza, na kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani. Kisha Sidi, yule mwenzangu aliyekuwa akikuletea maembe mabichi na chumvi ya pilipili, mguu wake ukaoza. Wakaukata chini ya goti.

Baada ya hapo buti zikaletwa. Hazikununuliwa, Kadzo. Zilitolewa ghalani. Zilikuwa mpya, zimefungwa kwenye nailoni, juu zina vumbi. Zilikuwepo wakati wote. Zilikuwa zikingoja mtu mmoja aulize kwa sauti.

Mimi sikuuliza. Nilijiambia nanyamaza ili mtoto asome. Na sasa mtoto amesoma, amefika mahali ambapo hata jina la pale nalitamka kwa kusitasita, na katika vyote nilivyokuwa navyo, alichochukua kwangu akaenda nacho mpaka maabara ni kule kunyamaza. Hicho ndicho kinachonichoma. Mapenzi yangu hukuyahitaji kule. Mapishi yangu hukuyatumia. Ukachukua hilo.

Basi ndiyo maana nilimpigia simu yule mwalimu wako. Niliitoa nambari kwenye simu yako ukiwa unaoga, na hilo nalo ni kosa, liongeze. Nilisema, "Shikamoo mwalimu." Sijui kama ananizidi umri, lakini niliona nianze kwa adabu. "Mimi ni mamake Kadzo. Nauliza habari ya feni."

"Feni?"

"Ile ya kuvuta moshi. Imetengenezwa?"

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekalia kiti kinachozunguka. "Mama, mambo ya maabara ni ya kitaalamu. Kadzo ni mwanafunzi wetu bora sana. Wewe mwombee tu."

"Namwombea. Feni imetengenezwa?"

"Mama, tunafuata utaratibu."

"Sawa. Na sasa hivi tukiongea, kuna watoto wa watu humo ndani?"

Hapo ndipo ulipotokea, leso umeishika kifuani, povu masikioni, ukaninyang'anya simu. Ukasema, na sitasahau, "Samahani sana, mwalimu. Mama hajaelewa. Samahani." Ukaenda nayo nyuma ya choo ukaendelea kuomba, na mimi nimebaki nimesimama na mkono umekaa vile vile sikioni.

Mama hajaelewa. Ni kweli kuna mengi sijaelewa. Lakini aliyekuacha kwenye moshi ndiye uliyemwomba radhi, na ulimwomba kwa ajili yangu, kana kwamba mimi ndiye niliyemwaga kitu kwenye zulia lake. Tangu siku ile sijaweza kukutazama, nawe hujaweza kunitazama. Haya. Haya.

Na uchungu ni kwamba siku moja tu kabla ya simu ile tulikuwa na jioni yetu nzuri kuliko zote. Ulinishikisha waya wa balbu ya kibanda. "Unasikia, mama? Una joto." Nikasema ndiyo. "Hilo joto ni umeme unaopotea njiani. Elektroni zikipita ndani ya waya zinagongana na kila kitu, kama watu sokoni." Ukasema kuna vitu vikipozwa sana, elektroni zinashikana mbilimbili, zinapita bila kugongana na chochote, hakuna joto, hakuna kinachopotea. Ukasema wakubwa wenu waliamini chuma kingekuwa cha mwisho kuweza jambo hilo, kwa sababu ya usumaku wake, na sumaku huzitenganisha zile mbili. Kisha wakakichanganya chuma na vingine, kikaweza, na mpaka leo hawajakubaliana ni kwa nini.

Nikakuuliza, sasa wewe unakwenda kufanya nini? Ukasema utachukua kipande chembamba, utakipoza, utakipitishia umeme upande huu na upande ule, utatazama elektroni zinaamua vipi. Ukasema kuna wakati fuwele iko sawasawa pande zote mbili, lakini elektroni zimeamua kwa pamoja kupenda upande mmoja, na hakuna anayejua nani amezituma.

"Hiyo ni Mambrui yetu hii siku ya uchaguzi," nikasema.

Ulicheka hadi ukakaa chini.

Nikauliza hiyo baridi ni kiasi gani. Ukasema inapita baridi ya mahali popote duniani. Na kazi yenyewe yaitwaje? Ukasema, "Ya joto la juu." Nikasema wasomi ni waongo. "Mama, ni la juu ukilinganisha na vile vya zamani." Nikakwambia hata mimi ni tajiri ukinilinganisha na kuku.

Kisha ukavaa glavu, ukatoa kile kipande chako ndani ya kichupa, ukanikataza nisikiguse. Kidogo, cheusi cheusi, mtu angekifagia. Ukakibandika selotepu, ukaivuta. Kilipobanduka, ndani kulikuwa kunang'aa kama kioo ambacho hakijawahi kutazamwa na mtu. "Nimekiotesha mwenyewe," ukasema. Sikukitazama kipande, nilikutazama wewe. Uso ule sijawahi kuwa nao kwa kazi yoyote niliyofanya tangu nizaliwe. Nikajua papo hapo kwamba lazima uende, hata wakinifunga kamba mguuni. Na nikajua kwamba kitu kile kizuri kilipita kwanza kwenye pua yako. Usiku wake sikula. Asubuhi nikapiga simu.

Unaona sasa? Sikupiga kwa kuwa sikuelewa. Nilipiga kwa sababu ya ule uso.

Nina matumaini nawe, Kadzo, hata nikinuna. Nakuona kabisa siku moja unarudi na waya usiopoteza kitu, unaufunga kwenye kibanda hiki, tokeni za mita zinakaa, Mama Riziki anauliza tumeiba umeme wa nani. Naamini hivyo kama ninavyoamini kesho kutakucha. Lakini kule nako kutakuwa na feni. Labda zao ni nzima, labda wamevaa mpaka kofia. Iko siku hata kwao kitu kitakufa, na mtu mkubwa mwenye sauti nzuri atakwambia ungoje mpaka vipimo viishe. Utakuwa mgeni, peke yako, na kibali chako cha kukaa kiko mkononi mwa watu hao hao. Najua uzito wake. Sisemi ni rahisi, ningekuwa mwongo mkubwa kuliko wasomi wako. Nasema tu, buti zilikuwa ghalani.

Na kuna yule binti aliyekupigia juzi, aliyechukua meza yako kule Nairobi, akikuuliza namna ya kufunga mirija isipasuke. Nilikusikia ukimweleza vizuri, kwa upole, kama mwalimu. Ukamweleza moto, ukamweleza kioo, ukamweleza saa za kupoza. Habari ya feni hukumgusia. Yeye pia ana leso ya mamake.

Nawasikia mnarudi. Nyevu anakwambia koti hilo ni la mwanamume, nawe unamjibu baridi haichagui. Umecheka. Harufu yako imeingia kibandani kabla yako, imepungua sasa, imebaki kidogo sana. Nimeichukia harufu hii tangu siku ya steji, na kesho kutwa najua nitaitafuta kwenye mto wako.

Karatasi hii nitaiweka ndani ya mfuko wa koti. Uisome ukiipata, iwe leo iwe ndani ya ndege, lakini nadhani ni leo, maana hujawahi kukipita kitu kilichofichwa.

Kesho asubuhi, kabla hawe hajaamka kutupanga mstari, nitakuwa nyuma pale penye mpapai na kifuu. Nimeshayasema hapa, koo halina tena cha kuvuta. Nitapiga funda na nitalipuliza, ulione likianguka.

Kisha nitakupa kifuu wewe. Najua kwetu mdogo hampulizii mkubwa, na hawe akituona atasema nimeharibu mila. Atasema. Una maneno juu yangu, Kadzo: benchi, mwiko, mzee wa Kitaliano, nambari niliyoiiba. Nimekuona ukiyabeba huku unaosha vyombo. Usije ukaniambia umenisamehe, na ile samahani yako usiniletee. Piga funda, na yale tunayoyasema moyoni wewe yaseme kwanza kwa mdomo, nisikie, hata kama nitalia. Ukiweza kwangu, niliyekuzaa, utaweza kwa mwenye kiti kinachozunguka.

Pale penye mpapai. Nitakutazama usoni.

Usimeze.

Mamako,
Dama